Mlima wa Kiriri Humpima Mwendesha Baiskeli Anaposhuka

Kiriri ni mtaa wa mlimani. Anayepanda kwenda huko kutoka katikati ya mji wa Bujumbura huyaacha nyuma maduka na makelele ya magari, akapita penye majengo ya Chuo Kikuu cha Burundi, na akizidi kupanda hulikaribia kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, shujaa wa uhuru aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Kutoka huko juu mji wote huonekana, ng'ambo ya mji Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa safu ya milima ya Kongo. Barabara za Kiriri si ndefu, lakini zina mwinamo mkali na kona nyingi, na alfajiri huwa kimya. Ni mahali pafaapo sana kwa askari atakaye kuuzoeza mwili wake kwa baiskeli.

Watu wengi hudhani kwamba mlima kama huo humpima mwendeshaji anapopanda, kwa kuwa hapo ndipo jasho humtoka na pumzi humwishia. Fikira hiyo si sahihi. Anayeshindwa kupanda hushuka akasukuma baiskeli yake, wala hadhuriki kitu ila fahari yake. Anayeshindwa kuteremka hana nafasi ya namna hiyo. Jambo hili lawahusu wanajeshi na polisi mara mbili: wao wenyewe wawapo juu ya baiskeli, na wawapo kazini barabarani, ambako uhai wa raia anayeteremka waweza kutegemea mahali askari aliposimama.

ZIWA NA MLIMA

Bujumbura imejaliwa njia za aina mbili ambazo waendesha baiskeli wa Ulaya husafiri mbali kuzitafuta. Upande wa kusini ipo Barabara ya Taifa Namba 3, ifuatayo mwambao wa ziwa hadi Rumonge, mwendo wa kilometa 75 hivi, ikipita karibu na Mugere penye jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley, waliofika hapo Novemba 1871. Upande wa milimani ipo Barabara Namba 1. Hiyo huanza kwenye tambarare ya ziwa, kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na baada ya kilometa 35 hivi hufika Bugarama, mahali pa baridi na ukungu palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa huo.

Huko Italia yako mashindano ya siku moja, ya kutoka Milano hadi Sanremo, yaliyoanza mwaka 1907, nayo yafanana sana na safari ya mwambao inayoishia kilimani. Waendeshaji hufuata pwani ya bahari kwa muda mrefu, kisha karibu na mwisho hukipanda kilima kiitwacho Poggio, kilichoongezwa katika njia hiyo mwaka 1960. Poggio si mlima mkubwa, na mpando wake haufiki kilometa 4. Hata hivyo mara nyingi hapo ndipo ushindi huamuliwa, wala si lazima uamuliwe wakati wa kupanda. Mwaka 2022 Matej Mohorič wa Slovenia aliwaacha wenzake kwenye kona za mteremko baada ya kilele, akafika mjini peke yake. Aishiye chini ya Kiriri hana haja ya kwenda Italia ili ajifunze somo hilo. Mteremko anao mlangoni pake.

MZIGO WA NDIZI

Lakini wako waendeshaji wanaoijua milima kwa shida kuliko mashujaa wa mashindano. Hao ni vijana wa Barabara Namba 1, washushao ndizi na makaa kutoka Bugarama kuja masoko ya Bujumbura. Mikungu hufungwa kwa kamba juu ya keria na ubavuni, hata gurudumu la nyuma lisionekane, na mzigo wa mtu mmoja huweza kupita kilo 100. Wakati wa kushuka, baiskeli hizo huyapita malori. Wakati wa kupanda, kwa kuwa hazina gia na mlima ni mrefu, wengi hulishika lori kwa nyuma na kuvutwa hadi juu.

Wageni huwatazama na kuwapiga picha kana kwamba ni wachezaji wa sarakasi. Kumbe ni wafanyakazi, na mji hula kwa kazi yao. Nchi ilipopatwa na uhaba mkubwa wa mafuta, hasa kuanzia mwaka 2022, baiskeli iliendelea kutembea bila tone la petroli. Mwezi Machi mwaka huo huo serikali ilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya Bujumbura, ikitaja ajali za barabarani. Basi baiskeli ni jambo la riziki na tena ni jambo la usalama, na askari wa barabarani yu katikati ya mambo hayo mawili.

JOTO LA BREKI

Yafaa tufanye hesabu kidogo. Tuseme mtu, baiskeli na mzigo wake kwa pamoja ni kilo 170, na kwamba anateremka mita 1,200. Nguvu anayoshuka nayo, kama yote ingegeuzwa kuwa joto, ingetosha kuchemsha lita 6 hivi za maji ya kawaida. Sehemu ya nguvu hiyo huchukuliwa na upepo unaompinga, na sehemu kubwa ya iliyobaki hainayo pa kwenda ila kwenye breki. Nazo breki za baiskeli ya mizigo ni vipande vidogo vya mpira vinavyobana rimu ya chuma. Mpira ukipata moto sana hulainika na kuteleza. Rimu ikilowa mvua, breki hukawia kushika. Ndiyo sababu wako wanaoisaidia breki kwa soli ya kiatu.

Hesabu ya pili ni ya mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali unaotakiwa ili breki zisimamishe baiskeli huongezeka mara nne. Tena, anayekwenda kilometa 60 kwa saa hupita karibu mita 17 katika kila sekunde moja. Kabla macho hayajaiambia akili kwamba kuna mbuzi njiani, na akili haijauambia mkono ubane breki, mita hizo zimekwisha kupita.

Hata mabingwa hawasamehewi. Tarehe 18 Julai 1995 Fabio Casartelli wa Italia, aliyepata medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, alianguka kwenye mteremko wa Portet-d'Aspet, katika milima ya Pyrenees huko Ufaransa, akafa. Hakuwa amevaa kofia ya kinga. Watu walilia, lakini kanuni haikubadilishwa upesi. Ilibidi mwendeshaji mwingine, Andrei Kivilev wa Kazakhstan, afe kwa kuanguka mwezi Machi 2003, ndipo chama cha dunia cha mchezo huo kikawalazimisha waendeshaji wa mashindano kuvaa kofia. Miaka minane ilipita kati ya msiba wa kwanza na amri. Funzo la msiba lisipofanywa kanuni mapema, hulipiwa mara ya pili.

ASKARI JUU YA BAISKELI

Baiskeli si kitu kigeni katika majeshi. Uswisi ilikuwa na vikosi vya baiskeli tangu mwaka 1891 hadi 2003. Majeshi ya Japani yaliteremka rasi ya Malaya kwa baiskeli mwaka 1941 na 1942 mpaka Singapore. Nao Wavietnam walisukuma baiskeli zilizosheheni chakula na risasi msituni, katika vita vya Dien Bien Phu vya mwaka 1954. Hao wote walithibitisha kwamba chombo hiki cha watu wa kawaida kikipata nidhamu huwa na nguvu nyingi.

Kwa hiyo, ndugu askari, unapoamua kufanya mazoezi Kiriri, anza na ukaguzi, kama unavyokagua silaha yako. Bana breki zote mbili na usukume baiskeli mbele, isipokataa, usipande. Tazama mipira ya breki, matairi, mnyororo na kamba ya breki iliyoanza kukatika nyuzi. Vaa kofia ya kinga. Jua pia ni barabara zipi zinazoruhusiwa kwa baiskeli, kwa maana askari hawezi kumwonyesha raia sheria ambayo yeye mwenyewe anaivunja.

Wakati wa kushuka, punguza mwendo kabla ya kona, wala usingoje ufike katikati yake, kwani gurudumu lililoinama na kubanwa kwa nguvu huteleza. Bana breki kisha ziachie, ubane tena, ili rimu zipate kupoa. Rudisha uzito wa mwili nyuma kidogo. Macho yatazame mahali unapotaka kutokea, wala yasiukodolee mtaro unaouogopa. Wakati wa masika, ongeza tahadhari maradufu kwenye mchanga ulioletwa na mvua. Usijaribu kamwe kushika lori. Dereva hakuoni, na akikanyaga breki au akikwepa shimo, wewe huna la kufanya.

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa za kilometa 267.5 juu ya vilima vya mji huo, na katika wote walioanza ni 30 tu waliomaliza. Vilima hivyo ni ndugu wa vilima vyetu. Kijana wa Burundi ambaye miguu yake imezoea kupanda hana upungufu wa nguvu. Anachohitaji ni kufundishwa kushuka.

POLISI KWENYE MTEREMKO

Sasa tuseme na ndugu zetu wa usalama barabarani. Mtu mwenye mzigo wa ndizi anayekuja kasi kwenye mteremko hawezi kusimama kwa sababu tu askari ameinua mkono. Huenda anataka kutii, lakini breki zake hazitii. Askari akimrukia mbele ghafla, mtu huyo atachagua baina ya kumgonga askari, kuingia chini ya gari linalopanda, na kutumbukia bondeni. Hakuna sheria inayokusudia matokeo hayo.

Busara yaonyesha kwamba ukaguzi wa baiskeli za mizigo ufanywe juu, mahali zinapopakiwa, kabla hazijaanza kushuka, au chini kabisa mahali barabara imekuwa tambarare na askari anaonekana toka mbali. Huko juu mwenye baiskeli amesimama, mzigo unaweza kupunguzwa, na breki mbovu inaweza kukataliwa bila damu kumwagika. Vivyo hivyo anayeshika lori azuiwe mahali lori lianziapo kupanda, wala asifukuzwe akiwa ameshika. Faini humfundisha mtu baada ya kosa. Neno moja lililosemwa Bugarama asubuhi laweza kulizuia kosa lenyewe.

Aidha, mwendeshaji huyo asionekane kuwa mhalifu kwa kuwa ni maskini. Ana watoto wanaomngoja, na mjini wako akina mama wanaoingoja ndizi yake sokoni. Askari akimwambia, "Ndugu yangu, mpira wa breki hii umekwisha, ubadilishe kabla ya kushuka," atakuwa ametimiza kazi yake kamili. Mpira wa breki ni kitu cha bei ndogo, na mafundi wa baiskeli hawakosekani.

Katika Kirundi baiskeli huitwa ikinga, na katika Kiswahili kinga ni kitu kizuiacho dhara. Maneno hayo hayana asili moja, lakini yafaa tuyaweke pamoja katika kazi. Kinga ya anayeshuka ni breki iliyokaguliwa, kofia iliyovaliwa, mwendo uliopunguzwa mapema, na askari aliyesimama mahali panapostahili.