Margherita: Mpanda Ngazi Hushuka

Askari anapoambiwa kwamba mlima fulani hupandwa na kushukwa kwa siku nane, jambo la kwanza linalomjia ni kicheko. Yeye amezoea kutembea usiku kucha, silaha begani na shanta mgongoni. Kwa nini basi atumie siku nane katika njia ambayo miguu yake ingeimaliza kwa siku tano? Mwandishi wa makala haya naye alicheka hivyo hivyo, na kicheko chake nusura kigharimu uhai wa kijana mmoja. Ndiyo sababu ya kuyaandika haya kwa wapiganaji na askari polisi ambao, wapatapo likizo, hutamani kusimama juu ya Margherita.

Mlima wenyewe

Margherita ni kilele cha Mlima Stanley katika safu ya Rwenzori. Kimo chake ni mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, na katika Afrika nzima ni Kilimanjaro na Mlima Kenya tu inayouzidi mlima huo. Mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo unapita huko huko juu. Mwanamfalme wa Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, alikifikia kilele hicho tarehe 18 Juni 1906, akakipa jina la malkia wa nchi yake. Lakini Wakonzo, wenyeji wa miteremko hiyo, waliujua mlima wao kabla ya mgeni yeyote, na hadi leo wao ndio waongozaji na wapagazi wa misafara.

Wenzetu wengi hawakuujua mlima huu kwa matembezi. Kuanzia mwaka 1996 waasi wa ADF waliufanya maficho yao, na hifadhi ikafungwa kwa wageni tangu 1997 hadi 2001. Askari waliokaa huko miaka ile wanaweza kutusimulia habari za mvua, tope na baridi kuliko kitabu chochote. Hata hivyo, uzoefu huo usimdanganye mtu. Mlima hautambui cheo wala nishani.

Hesabu ya siku

Njia kongwe huanzia Nyakalengija, karibu na mji wa Kasese, penye mwinuko wa mita zipatazo 1,600. Siku ya kwanza msafara hulala kibanda cha Nyabitaba, mita 2,650. Siku ya pili hulala John Matte, mita zipatazo 3,500. Siku ya tatu huvuka vinamasi vya Bigo na kulala Bujuku, karibu mita 4,000. Siku ya nne hupanda mpaka Elena, mita 4,540, na alfajiri ya siku ya tano ndipo huenda kileleni. Kurudi ni kwa kupitia Kitandara na Guy Yeoman, hata Nyabitaba tena, kisha Nyakalengija.

Sasa, ndugu msomaji, chukua kalamu ufanye hesabu. Waganga wa maradhi ya milimani wanashauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, mahali pake pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku nzima. Kutoka Nyabitaba hadi John Matte ni mita 850. Kutoka Bujuku hadi Elena ni zaidi ya mita 500. Ni dhahiri kwamba ratiba hiyo, hata ikifuatwa neno kwa neno, inaubana mwili. Anayepanga vyema huongeza siku moja ya mapumziko John Matte au Bujuku.

Sababu yake si uvivu. Katika mwinuko wa mita 5,000 mgandamizo wa hewa ni kama nusu ya ule wa pwani, na kila pumzi huleta nusu tu ya oksijeni. Mwili hujifunza kuishi hivyo, lakini hujifunza polepole. Wala mazoezi ya uwanjani hayauharakishi. Kijana mwenye kifua cha chuma huugua sawa na karani wa ofisini, na pengine humtangulia kuugua, kwa kuwa miguu yake humfikisha juu kabla mwili haujawa tayari.

Siku iliyofutwa kwa kalamu

Mwezi wa Julai mwaka 2019 tulikwenda watu sita. Mpango wangu wa kwanza ulikuwa na siku ya mapumziko pale Bujuku. Kwa kuwa likizo ilikuwa fupi, niliifuta siku hiyo kwa mstari mmoja wa kalamu, nami niliona nimefanya kazi ya maana.

Miongoni mwetu alikuwako koplo mmoja kijana, mkimbiaji hodari wa kikosi. Kila kibanda yeye ndiye aliyetangulia kuingia. Pale Bujuku hakumaliza chakula chake. Nilipomwuliza alijibu, "Niko sawa, afande." Nami niliridhika na jibu hilo, ingawa miaka yote ya uaskari imenifundisha kwamba kijana mbele ya mkubwa wake hana jibu lingine.

Usiku pale Elena alianza kulalamika kichwa, kisha akatapika. Mwongozaji wetu alimtaka atembee hatua kumi kwa mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Hakuweza hatua tatu. Aliyumba kama mlevi. Mwongozaji alisema neno moja tu: "Chini." Dalili ile maana yake ni kwamba ubongo umeanza kuvimba, na anayengoja kupambazuke aweza kukuta maiti.

Tulishuka saa saba usiku, mwongozaji mmoja, wapagazi wawili na mimi, kijana tumemshika huku na huku. Mvua ilinyesha njia nzima. Tulipokaribia Bujuku alianza kuuliza tuko wapi, na asubuhi alikunywa uji. Wenzetu wanne walifika kileleni na mwongozaji wa pili. Mimi kilele hicho sijakifikia hadi leo, wala sikidai.

Mambo ya kuweka katika mpango

Kwanza, chagua majira. Miezi ya Juni hadi Agosti, na Desemba hadi Februari, ina mvua pungufu, lakini Rwenzori haina mwezi mkavu kabisa. Mabuti ya mpira ni lazima kwa vinamasi, pamoja na nguo kavu za kulalia zilizofungwa ndani ya plastiki, ambazo hazivaliwi mchana hata mtu akilowa vipi.

Pili, ulizia habari mpya za barafu. Barafu ya Rwenzori ilikuwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 2 mwaka 1987, na kufikia 2003 ilikuwa imebaki kama 1 tu. Inaendelea kuyeyuka na kupasuka, kwa hiyo maelezo ya njia ya miaka kumi iliyopita yaweza kumwingiza mtu katika ufa. Kamba, shoka la barafu na meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu yajaribiwe kabla ya kuondoka, si gizani pale Elena.

Tatu, weka saa ya kugeuka. Sisi tulipanga kuondoka Elena saa tisa usiku, na popote ambapo saa tano asubuhi ingemkuta mtu, ageuke. Saa hiyo ipangwe mkiwa bado chini, maana huko juu akili nayo hupungukiwa na hewa.

Nne, taja mapema nani atashuka na mgonjwa, na msafara uwe na waongozaji wawili. Dawa za kusaidia zipo, na daktari aulizwe kabla ya safari, lakini hakuna dawa inayoshika nafasi ya kushuka.

Tano, mkubwa wa msafara asiulize, "Uko sawa?" Na aulize, "Umekula nini? Umelala saa ngapi? Hebu tembea nikuone."

Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Anayekwenda Margherita na aanze mpango wake kwa kuandika siku ya kurudi nyumbani pamoja na majina ya watu wote, kisha ahesabu kurudi nyuma hadi siku ya kuondoka. Na siku ya mapumziko atakayoiandika humo, asiguse kalamu kuifuta.