Fahamu: Kwa nini Datsun 240Z, gari lililokuwa la bei nafuu, leo ni ghali

Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani, yaani jepesi na lililoundwa kwa ajili ya mwendo kasi, liliuzwa Marekani mwaka 1970 kwa takriban dola 3,500. Lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 na 1973, mara ya pili likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Kwa kuwa mengi yaliliwa na kutu, uhaba na sifa za ushindi vilipandisha bei, hata mwaka 2020 moja likanunuliwa mnadani kwa dola 310,000.