Kipenga Mkononi mwa Mwalimu wa Kike

Msafiri anayeshuka kwenye matatu mjini Kitengela siku ya Jumamosi, kisha akaingia katika mitaa iliyo nyuma ya barabara kuu iendayo Namanga, hatakosa kuona kiwanja cha vumbi ambapo wasichana wa shule ya msingi wanapiga sarakasi. Mmoja hutanguliza mikono chini na miguu ikapita juu ya kichwa mfano wa gurudumu. Mwingine huupinda mgongo hadi viganja vikakaribia visigino. Hapana godoro, hapana mtu mzima wa kuwashika wanapoyumba. Mwamuzi wao ni kicheko cha wenzao. Rudi baada ya miaka mitatu au minne uwaulize wasichana wawa hawa kuhusu mchezo wao. Watakuambia kwamba ulikuwa mchezo wa kitoto, na kwamba waliuacha walipovunja ungo.

Swali ninalotaka kulijadili leo, hasa na walimu wenzangu na wanafunzi wa vyuo vya ualimu, ni hili: ni nani aliyepaswa kusimama kando ya kiwanja kile, na kwa nini hakuwapo?

Katika shule zetu nyingi kazi ya kufundisha michezo haihesabiwi kuwa kazi. Ni mzigo anaotwikwa mwalimu aliyeajiriwa mwisho. Kipindi cha mazoezi ya viungo kimo katika ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini kila mwanafunzi anajua kwamba kipindi hicho huliwa na hisabati au sayansi mtihani unapokaribia, na mtihani wa nchi hii hukaribia tangu siku ya kwanza ya muhula. Msichana ndiye anayepoteza zaidi. Mvulana atajitafutia mpira wa makaratasi akacheze njiani. Msichana anangojewa nyumbani na mtungi, kuni na mdogo wake wa kubeba.

Nami sina budi kukiri kosa langu. Nilipoanza kufundisha katika shule moja ya upili katika upande huu wa Kajiado, nilikabidhiwa kipenga kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba walimu wengine wote walikuwa wamenizidi umri. Alikuwapo msichana mmoja wa kidato cha pili aliyeruka kwa wepesi wa swala. Juma moja akaacha kuja uwanjani. Nilimkemea mbele ya darasa nikamwita mvivu. Alinyamaza. Mwalimu mwenzangu wa kike ndiye aliyenieleza baadaye kwamba binti yule hakuwa na sodo wala vazi la michezo la kumsitiri, na kwamba asingeweza kunieleza mimi jambo hilo hata kidogo. Hakurudi uwanjani. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba kocha wa wasichana asiyejua mambo yanayowasibu wasichana ni sawa na nahodha asiyejua kina cha maji.

Tuitazame kidogo kazi hii mahali ilikopewa heshima yake. Nchini Marekani, sheria iliyopitishwa mwaka wa 1972 ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Vyuo vikuu vikalazimika kuwafungulia wanawake viwanja vyake na kuwapa ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Jimnastiki ya wanawake ikastawi huko, na kazi ya kuwafunza wanajimnastiki wa chuo ikawa kazi ya maisha, yenye mshahara na heshima.

Mmoja wa waliojipatia sifa katika kazi hiyo ni Valorie Kondos Field wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles. La kustaajabisha ni kwamba bibi huyu hakuwahi kushindana katika jimnastiki. Alikuwa mcheza dansi ya ballet, akaingia chuoni hapo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili awasaidie wasichana kupanga mwendo wa mwili na muziki. Mnamo 1991 alikuwa mkufunzi mkuu, na hadi alipostaafu mwaka wa 2019 timu zake zilikuwa zimetwaa ubingwa wa vyuo vya taifa mara saba: 1997, 2000, 2001, 2003, 2004, 2010 na 2018.

Msomaji asidhani kwamba njia yake ilikuwa laini. Yeye mwenyewe amesimulia hadharani kwamba miaka ya kwanza aliiga ukali wa makocha aliowaona wakishinda. Alifoka, alidharau, na timu ikazidi kuporomoka. Hatimaye wasichana wenyewe walimketisha na kumweleza kwa muda wa saa mbili jinsi kiburi chake kilivyowaumiza. Angaliweza kuwatimua. Badala yake alisikiliza, akabadilika. Alijifunza pia kwa mzee John Wooden, aliyewahi kukipatia chuo hicho ubingwa wa mpira wa kikapu mara kumi kati ya 1964 na 1975, na aliyeshikilia kwamba ufanisi si kumshinda mwenzako bali ni utulivu wa moyo wa mtu anayejua kuwa amejitolea kadiri ya uwezo wake.

Tunda la mabadiliko hayo lilionekana kwa Katelyn Ohashi. Binti huyu alikuwa nyota tangu utotoni. Mwaka wa 2013 alishinda kombe kubwa la nchi yake mbele ya Simone Biles, aliyekuja kuwa malkia wa mchezo huo duniani. Kisha majeraha na maneno makali kuhusu umbo lake vikamvunja moyo, na alipofika chuoni alimwambia mkufunzi wake kwamba hataki tena kuwa hodari. Kondos Field hakumlazimisha. Alianza kwa kumjua yeye kama mtu, akamwachia muda. Mnamo Januari 2019 Ohashi alicheza kwenye sakafu kwa furaha iliyowafanya mamilioni ya watu duniani waitazame picha yake ya video, na waamuzi wakampa alama kumi kamili.

Huenda mwalimu wa Isinya au Bissil akauliza: haya ya Los Angeles yanatuhusu nini sisi tusio na hata godoro? Yanatuhusu, tena sana. Jimnastiki ya wanawake ina vifaa vinne: meza ya kurukia, fito mbili zilizopishana kimo, boriti na sakafu. Boriti ina urefu wa mita 5 na upana wa sentimita 10 tu, nayo huinuliwa mita 1.25 kutoka chini. Vifaa hivyo ni vya gharama. Lakini mchezo wa sakafu ni mraba wa mita 12 kwa 12 na muziki usiozidi sekunde 90. Mraba huo tunao. Mstari wa chokaa wa upana wa sentimita 10 ukichorwa chini ni boriti ya kwanza ya kila mtoto, na akianguka haanguki popote. Kinachohitajika ni mwalimu anayejua utaratibu: kubiringika kabla ya kusimama kwa mikono, kusimama kwa mikono kabla ya kupinduka, na kutua kwa magoti yaliyolegezwa. Mruko wa kupindukia hewani haufundishwi kwenye ardhi ngumu kamwe, na anayejaribu kuufundisha hivyo anacheza na shingo ya mtoto wa mwenziwe.

Isitoshe, Kajiado haina upungufu wa ngoma. Kila mwaka walimu wa kike wa wilaya zetu huwaandaa wasichana kwa ajili ya tamasha za muziki. Huwafundisha kupokezana sauti, kutikisa mabega kwa mpigo mmoja ili shanga ziitikie, kuingia na kutoka jukwaani bila kugongana. Mwalimu huyo anajua kuhesabu mpigo, anajua kuusoma mwili wa mtoto aliyechoka, na anajua kumtuliza anayetetemeka kabla ya zamu yake. Kondos Field alianza na ujuzi uo huo. Tofauti ni kwamba chuo chake kilimwona, kikamwita, kikampa timu. Sisi mwalimu wetu tunampa cheti cha kushiriki, kisha tunamrudisha kusahihisha madaftari.

Wala si lazima tuvuke bahari ili kupata mfano. Ngong, katika Kaunti ii hii ya Kajiado, ndiko alikofanyia kazi Tegla Loroupe. Mwanamke huyu wa Pokot Magharibi alikulia katika nyumba ambamo babake hakuona faida ya binti kusoma wala kukimbia, naye alikwenda shuleni mbio bila viatu. Mwaka wa 1994 akawa Mwafrika wa kwanza wa kike kushinda mbio za marathoni za New York, akazishinda tena 1995, kisha akaweka rekodi ya dunia ya marathoni mwaka wa 1998 kule Rotterdam na kuivunja mwenyewe mwaka wa 1999 mjini Berlin.

Angeweza kupumzika juu ya sifa hizo. Lakini baada ya kuanzisha wakfu wake wa amani aliigeuza Ngong kuwa makao ya vijana wasio na makao. Wanariadha watano wa Sudan Kusini waliochaguliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma walifanyia mazoezi hapo, wakaenda Rio de Janeiro mwaka wa 2016 katika timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki, Loroupe akiwa kiongozi wa msafara. Bendera ilibebwa na Rose Nathike Lokonyen, binti aliyeikimbia vita angali mtoto na aliyejitokeza kambini akikimbia bila viatu. Katika mbio za mita 800 alimaliza wa saba katika kundi lake na hakuendelea. Je, Loroupe alishindwa? Anayejibu ndiyo hajaelewa kazi ya kocha.

Huko kusini zaidi ya kaunti, karibu na Amboseli, tangu mwaka wa 2012 kumekuwa na mashindano ya Olimpiki ya Wamaasai, yaliyoanzishwa ili vijana waonyeshe ushujaa kwa kukimbia, kuruka na kurusha rungu badala ya kuua simba. Wasichana nao walipewa mbio zao. Na mjini Kajiado, Bi. Priscilla Nangurai alipokuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya AIC alijulikana kote nchini kwa kuwapokea mabinti waliokimbia ndoa za mapema. Nawataja hawa pamoja kwa sababu binti anayejua kwamba mwili wake ni wake, kwamba una nguvu na unaweza kufunzwa kutenda mambo ya ajabu, hauziki kwa urahisi kwa ng'ombe wachache.

Hata hivyo tusifumbe macho. Uwanja wa michezo unaweza pia kuwa pango la fisi. Mnamo Januari 2018, daktari Larry Nassar wa timu ya jimnastiki ya Marekani alihukumiwa kifungo cha kati ya miaka 40 na 175, baada ya wanawake zaidi ya 150 kueleza mahakamani jinsi alivyowadhulumu kwa kisingizio cha matibabu. Walikuwa wamelalamika kwa miaka mingi, na wakubwa walitazama medali wakaacha kuwatazama watoto. Hapa kwetu, Oktoba 2021, Agnes Tirop aliuawa nyumbani kwake Iten akiwa na umri wa miaka 25, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita 10 barabarani katika mbio za wanawake pekee. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo. Wanariadha wenzake waliunda shirika la Tirop's Angels kupambana na dhuluma dhidi ya wanawake. Msiba ule ulituonyesha jinsi msichana mwenye kipaji anavyoweza kuzungukwa na watu wanaohesabu ushindi wake na asipatikane hata mmoja wa kumuuliza kama analala salama.

Sisemi kwamba mwanamume hawezi kuwafunza wasichana. Bruda Colm O'Connell, aliyekuja Iten mwaka wa 1976 kufundisha jiografia bila ya kuwa mwanariadha, aliwalea mabingwa wa kike na wa kiume kwa adabu. Ninachosema ni kwamba pasiwe na timu ya wasichana isiyo na mwalimu wa kike mwenye mamlaka kamili, mwenye kipenga chake mwenyewe, asiyeletwa safarini kuwa mpishi na mlinzi wa mabegi.

Wakati ni huu. Mtaala wa umilisi umeifanya Sanaa na Sayansi ya Michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za shule ya upili ya juu. Sheria ya elimu iliyorekebishwa mwaka wa 2017 inaitaka serikali kuwapa wasichana sodo bila malipo. Karatasi zimekwisha kuandikwa, zimebaki kutendwa. Wakuu wa shule wakirudishe kipindi cha mazoezi ya viungo kwa mwenyewe. Vyuo vya ualimu viwafundishe wanawake ukocha kama somo kamili, pamoja na namna ya kumlinda mtoto. Wazazi waulize jina la kocha na anakolala msichana wao wakati wa mashindano, kama wanavyouliza matokeo ya mtihani.

Nawe mwanafunzi wa chuo unayesoma makala haya, huenda ukapelekwa Kitengela au Kajiado mjini kwa mazoezi ya kufundisha. Jumamosi moja nenda kwenye kiwanja kile cha vumbi. Usiwafukuze wala usiwapigie kelele. Chukua chokaa uchore mstari wa upana wa sentimita 10, uwaonyeshe jinsi ya kutua. Kisha waulize majina yao.