Volti moja na nusu kwenye waya wa ethi

Corolla AE110 ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ikianza kuwaka kwa shida asubuhi, kijiweni lawama ya kwanza huiangukia betri. Inabadilishwa. Shida ikirudi, stata. Kisha plagi, kisha pampu ya mafuta. Bei za spea hazitulii, kwa hiyo tuhesabu kwa lita za petroli: betri mpya ya gari dogo ni kama lita 50 au zaidi, ilhali mita ya umeme ya kawaida kabisa haifiki lita 10. Anayeanza na betri ametumia pesa za mita tano na bado hajui gari linaumwa nini.

Swali la kwanza halihitaji hata mita. Je, stata inazungusha injini kwa uvivu, au inazungusha vizuri ila moto haushiki?

Kama ni uvivu, pima betri gari likiwa limelala usiku kucha. Volti 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu. Chini ya 12.0 hakuna cha kujadili, ichajiwe kwanza. Kisha mtu apige stata huku ukitazama mita. Ikiporomoka chini ya 9.6 wakati ilikuwa imejaa, basi betri imechoka kweli.

Ikibaki 10.8 na stata bado inasuasua, usiiguse betri. Weka waya mmoja wa mita kwenye nguzo hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, kisha piga stata tena. Isipite 0.2. Mara nyingi magari ya umri huu husoma zaidi, na sababu ni hesabu ndogo tu: stata ya injini ya silinda nne hula ampea 150 hivi. Kutu kwenye kiungo cha waya huo wa ethi, yenye ukinzani wa omu 0.01, ambao mita ya kawaida haiwezi hata kuuona ukiupima moja kwa moja, hunyang'anya volti 1.5. Hizo ni wati 225, sawa na taa kubwa nne za gari zinazowaka ndani ya kiungo cha waya. Ndiyo maana kiungo kibovu huwa cha moto ukikigusa. Tiba yake ni msasa na spana namba 10.

(Na ule mtindo wa kuchomoa teminali injini ikiunguruma ili "kupima altaneta" uachwe. Unaweza kuunguza kompyuta. Altaneta nzima huonekana kwenye mita: kati ya volti 13.9 na 14.5.)

Injini ikizunguka vizuri bila kushika, geukia mafuta. Presha ya Toyota za kundi hili ni karibu kilo 2.7 hadi 3.1 kwa sentimita ya mraba, na dakika 5 baada ya kuzima isiwe imeshuka chini ya 1.5. Ikishuka, mafuta yamerudi kwenye tangi au yanavuja kwenye nozeli, na stata lazima izunguke mpaka presha ijae upya. Kufungua swichi mara mbili bila kupiga stata, ujanja unaosaidia magari mengine, hausaidii Toyota nyingi za zamani, kwa sababu pampu yake husubiri injini izunguke.

Halafu kuna sensa ya joto la maji, ambayo mafundi wengi huiruka. Kwenye nyuzi 20 iwe na omu 2,000 hadi 3,000. Kwenye 80, omu 200 hadi 400. Ikisoma 300 alfajiri, kompyuta inaamini injini ni ya moto na inabana mafuta wakati yanapohitajika zaidi.

Kompresheni ije mwisho: kilo 13 hivi, isipungue 10, na silinda zisipishane zaidi ya 1. Iliyo chini idondoshewe oili kidogo, ipimwe tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, tafuta valvu. Hapo lita 50 za betri zinakuwa hela ndogo, na wenye gari wengi huanza kuulizia injini ya mtumba.