KIFUNIKO CHA TAPETI NA HOMA YA FUNDI

Ndugu wafanyakazi wa magereji, safari hii naandika juu ya kitu kidogo, kifuniko cha tapeti. Kabla ya kushika kazi ya chama nilikuwa fundi miaka kumi na minne, na kifuniko hiki kimewahi kunikatia mshahara.

Injini yenyewe ni ile ya Land Rover ya petroli, lita 2.25, silinda nne, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1958. Hapa Kampala zipo bado, na wenye fedha wanazitafuta ili zifufuliwe. Kifuniko chake ni cha bati, kimeshikwa na nati tatu tu. Fundi mgeni akiona oili inavuja hukaza nati. Bati linapinda, gasketi ya koki inapasuka, oili inazidi. Naye anakaza tena!

Kumbe ugonjwa uko kwingine. Kila injini hupitisha gesi kidogo kando ya ringi za pistoni kwenda kwenye sampu, na injini iliyofungwa upya hupitisha zaidi mpaka ringi zizoee silinda. Gesi hiyo lazima itoke. Hapa hutokea kwenye kipumulio kilicho juu ya kifuniko, chenye wavu wa waya ndani. Wavu ukiziba kwa uchafu, au fundi wa rangi akiupulizia rangi, gesi husukuma oili itoke kwenye gasketi na kwenye sili ya nyuma ya krenki. Gereji moja ilinikata siku sita kwa uvujaji wa namna hiyo. Wavu haukufunguliwa na mtu yeyote. Hata mimi sikuufungua, nakubali.

Siku hizi wengi wanakigeuza kifuniko. Wanatoboa tundu, wanachomelea bomba fupi, kisha wanaliunga kwa mpira na njia ya hewa iliyo kati ya chujio na kabureta, ili gesi iungue badala ya kumpuliza fundi usoni. Jambo hili si geni. Magari mapya ya California yalianza kufungwa mfumo wa kurudisha gesi ndani ya injini tangu modeli za mwaka 1961. Lakini kifuniko kitolewe kwanza ndipo kitobolewe, maana chembe za chuma zikianguka kwenye roka zitatafuta njia mpaka kwenye beringi. Na chini ya tundu pachomelewe kipande cha bati cha kuzuia matone yanayorushwa na roka. Bila hilo injini itakunywa oili yake, itatoa moshi wa buluu, na mwenye gari atasema ringi zako ni mbovu. Kioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Kifuniko kilichooshwa kwa petroli kisha kikapelekwa kwenye moto wa kuchomelea ni hatari kubwa.

Sasa nifike kwa kijana wetu. Mwezi uliopita, katika gereji niliyoitembelea, alipewa kipande cha bomba la maji akichomelee. Bomba la maji limepakwa zinki. Mvua ilikuwa inanyesha, mlango umefungwa, moshi mweupe umejaa chumbani. Usiku akashikwa na baridi, homa, kiu, na ladha ya chuma mdomoni. Akanywa dawa ya malaria. Kesho yake hakuweza kwenda kazini. Siku iliyofuata alikuwa mzima, akarudi, akakuta amekatwa siku moja. Jumatatu akapewa bomba lile lile.

Nilimweleza mwenye gereji kwamba hiyo ni homa ya moshi wa zinki. Huanza saa chache baada ya kuvuta moshi na huisha kwa siku moja au mbili, ndiyo maana watu hudhani dawa ya malaria imefanya kazi. Nikamwomba mambo matatu: bomba la chuma tupu lisilopakwa zinki, kazi ya kuchomelea ifanyike nje chini ya kibanda, na siku ya kijana ilipwe.

Bomba alinunua siku ile ile, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Kibanda cha mabati kimesimama tangu wiki iliyopita. Siku ya kijana hajalipa bado, na barua yetu ya pili iko mezani kwake.