Utangulizi: Mwanafizikia Mbele ya Yai la Safura

Kwa mwanafizikia kijana anayedhani viumbe hai ni kazi ya watu wa biolojia peke yao, nina gololi moja ya kioo ya kumwonesha.

Gololi hiyo, yenye kipenyo cha milimita 3, ilibandikwa kwa utepe kwenye kamera ya iPhone, slaidi ikamulikwa kwa tochi ya bei rahisi, na simu ikawa hadubini. Watafiti waliitumia kukagua slaidi 199 za choo kutoka Pemba, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Katika slaidi ambazo hadubini ya kawaida ilionesha zina mayai ya minyoo, simu iliyatambua ya chango kwa asilimia 81.0, ya mnyoo mjeledi kwa asilimia 54.4, na ya safura kwa asilimia 14.3 tu.

Mwingine ataiona tarakimu hiyo ya mwisho ni aibu. Mimi ndiyo iliyonivuta. Utasema labda yai la safura ni dogo mno. Haya, lipime. Urefu wake ni kama maikromita 60, upana 40. La mnyoo mjeledi lina urefu wa kama 50 na upana wa 22. Dogo linaonekana, kubwa linapotea! Basi kukuza picha peke yake hakutoshi. Yai la mnyoo mjeledi lina ganda nene la hudhurungi, limeumbwa kama pipa lenye kizibo kila upande. La chango limevaa koti la vinundu lililotiwa rangi na nyongo. La safura lina ganda jembamba lisilo na rangi, na mwanga hulipita kama halipo. (Idadi nayo ina sehemu yake: mwenye minyoo michache hutoa mayai machache.) Tena slaidi hizi, zilizotayarishwa kwa njia ya Kato-Katz, hufunikwa kwa selofani iliyolowekwa kwenye gliserini, ili takataka ziangazike na mayai yaonekane. Ukichelewa, gliserini huliangaza na yai la safura lenyewe.

Hapa somo lako la mawimbi linapata kazi. Kitu kisichofifisha mwanga bado huweza kuchelewesha wimbi lake. Frits Zernike, mwanafizikia wa Uholanzi, alibuni njia ya kugeuza ucheleweshaji huo kuwa weusi na weupe wa kuonekana kwa jicho, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1953. Kufanya hivyo kwa gololi na tochi, huku gliserini ikipunguza hata huo ucheleweshaji kila dakika, ni kazi ya kumkosesha mtu usingizi.

Kuna na hesabu. Kipimo cha Kato-Katz hubeba miligramu 41.7 za choo, hivyo mayai yaliyohesabiwa huzidishwa kwa 24 ili kupata idadi kwa gramu. Yai moja likikupita, daftari limepungukiwa 24. Aliyewahi kuhesabu milio ya kaunta ya Geiger ameshakutana na bahati nasibu ya namna hii.

Kichocho kingehitaji utangulizi wake. Mabuu yake hutoka kwenye konokono na kuogelea kwa mkia wenye panda, katika maji ambayo kwa umbo dogo vile ni mazito kama asali. Mwaka 2017 Manu Prakash na wenzake wa Stanford walieleza mwendo huo kwa fizikia ya kawaida kabisa ya vimiminika na vitu vinavyopindika.

Ukifika Wawi, Chake Chake, hukohuko Pemba, ilipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoanzishwa mwaka 2000, usiende na jibu mfukoni; ndiyo tabia yetu mbaya sisi wanafizikia. Omba kukaa pembeni ya fundi anayesoma slaidi. Akikuonesha yai la safura, tazama saa, kisha usiondoe jicho. Muda wa saa moja unatosha kuliona likiyeyuka machoni.