Pumzi na Chumvi (2): Ukungu Unaochokoza, Ukungu Unaotuliza

Juma lililopita tuliishia kwenye utando wa majimaji unaolowanisha njia za hewa. Leo tuutie chumvi.

Mkazi wa Gendabi, Hanang, anaijua hatua ya kwanza: nyama ikipakwa chumvi ya Ziwa Balangida hutoa maji, kwani chumvi huyavuta. Ndani ya kifua ni vivyo hivyo. Mgonjwa akivuta ukungu wenye chumvi ya asilimia 3 hadi 5, maji hutoka kwenye seli na kuingia katika utando, makohozi hulegea, kikohozi kinakuja. Ni msaada mkubwa kwa mtu aliyepanda kutoka Bonde la Yaeda hadi Haydom kupimwa kifua kikuu, akashindwa kutoa kitu kwenye kikopo. Watoto wachanga nao hupimwa hivyo: mwaka 2005 watafiti wa Cape Town walionesha kwamba sampuli moja ya namna hii ilifaa sawa na tatu zilizovutwa tumboni kwa mpira. Ila kikohozi hicho hutawanya vijidudu, basi kazi ifanyike mahali penye hewa nyingi, muuguzi akiwa na barakoa. Na mwenye pumu hutanguliziwa dawa ya kupanua njia za hewa.

Chumvi ikiwa hafifu, gramu 9 kwa lita kama ya dripu, mambo hugeuka. Kwa kawaida vijia vidogo vya mapafu hujifunga tunapotoa pumzi. Vikifunguka, utando hupasuka kama povu la sabuni na kuacha vitone visivyoonekana. Mwaka 2004 David Edwards na wenzake, Marekani, waliwavutisha watu 11 ukungu huo kwa dakika 6. Sita kati yao ndio waliokuwa wakitoa asilimia 98 ya vitone vyote! Kwao vilipungua kwa takriban asilimia 72 kwa saa 6. Inaelekea uso wa utando ulikuwa umebadilika, haupasuki tena ovyo.

Hao sita ndio walionishughulisha zaidi. Katika chumba kimoja Katesh au Dongobesh, wote wanapumua, lakini wachache ndio wanaoijaza hewa. Hata hivyo wale 11 walikuwa wazima. Hapo hapajathibitishwa kinga ya kifua kikuu, na dawa za kliniki zisiachwe hata siku moja.

Wala sufuria ya maji ya chumvi yanayochemka haiwezi kushika nafasi ya mashine ya kutengeneza ukungu huo. Mashine huyavunja maji pamoja na chumvi yake. Ukiyachemsha, kinachopanda ni maji matupu; chumvi hubaki chini, kama inavyobaki nyeupe kando ya Balangida wakati wa kiangazi.

(Itaendelea)